Gari Lililolala kwa Mama Betri

Mama Betri hakuwa na mtoto. Jina hilo alibandikwa na madereva wa teksi, enzi zile alipoanza kuendesha karakana ya marehemu baba yake. Walidhani watamkera mpaka afunge mlango aende zake. Yeye akaliitikia tu, tena kwa sauti, na kabla mwaka haujaisha hakuna aliyekumbuka kwamba lilikuwa tusi. Waliokuja kumtafuta kutoka mbali waliuliza, "Kwa Mama Betri ni wapi?" na watoto wa mtaa wakawaonyesha kwa kidole.

Alikuwa fundi umeme wa magari. Kazi alijifunza kwa baba yake, ambaye Mungu alimjalia mabinti wawili tu. Mkubwa alipenda kukaa chini ya boneti tangu hajui kusoma. Mdogo hakutaka hata kusikia harufu ya grisi. Alikuwa akipita karakanani amekusanya gauni kwa mikono miwili, kama anavuka dimbwi. Mchumba aliwahi kuwepo. Huyo alimtaka achague, yeye au spana. Mama Betri alichelewa kujibu, na kule kuchelewa kukawa ndilo jibu.

Karakana yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati, benchi la mbao lililokunywa mafuta hadi likawa jeusi, na ukuta wa spana ambazo kila moja ilikuwa na mahali pake. Nyuma palikuwa na jiko, bafu na vyumba viwili. Kimoja alilala yeye. Kile cha ndani, kwa miaka mingi, alilala Honi.

Honi alikuwa mtoto wa mdogo wake. Mdogo alipata kazi ya kutunza wazee nchi za mbali, akamleta mtoto angali anatambaa, akalia mlangoni, akaondoka. Mtoto alipoanza kusimama, kitu cha kwanza alichokipenda duniani ni kupiga honi za magari ya wateja, na hapo ndipo jina lilipomwangukia. Mama Betri alimlea, akamsuka, akampeleka shule, akamkemea na kumbembeleza. Alimfundisha kusema "mama mkubwa", kwa kuwa mama alikuwapo, hata kama alikuwa sauti ya kwenye simu tu. Lakini watoto hawapangiwi. Darasani Honi aliandika jina la mama mkubwa pale palipotakiwa jina la mama, na nyumbani, akiwa na homa au usingizi, alisema "mama" tu, na Mama Betri hakumsahihisha.

Mdogo aliporudi, Honi alikuwa binti wa sekondari. Alimsalimia mama yake kwa heshima zote, akamkaribisha kiti, kisha akamgeukia Mama Betri akauliza, "Mama, nimletee mgeni maji?"

Wiki ile ile mdogo alikodi nyumba upande wa pili wa mji, akamchukua mwanawe. Hakugombana na mtu wala kupaza sauti. Mwanzoni Honi alikuja kila mwisho wa juma, baadaye akaja sikukuu kwa sikukuu, kisha ikawa ni simu tu, na simu nazo zikapungua kama mvua inayokatika. Miaka ikapita. Mama Betri akajaza chumba cha ndani betri zilizokufa, starta za kutengenezwa na maboksi ya nyaya. Mteja mmoja alimuuliza kwa nini asikipangishe. Akasema anahitaji stoo. Ukweli ni kwamba chumba kitupu kilikuwa kinampigia kelele, na vyuma vilikinyamazisha.

Asubuhi ya mkasa huu alikuwa anakunywa chai akiwa amesimama, kama kawaida yake, alipoona wanaume watatu wanasukuma gari dogo la kijivu kutoka njia panda. Nyuma ya usukani palikuwa na mwanamke kijana mwenye miwani ya jua. Gari lilipoingia uani, mwanamke akaivua miwani.

"Shikamoo, mama mkubwa."

Mama Betri aliweka kikombe chini polepole.

"Marahaba, mwanangu. Marahaba. Umekuwa mtu mzima!"

Walikumbatiana, Mama Betri akiiweka mikono mbali asimchafue. Alinusa manukato mazuri asiyoyajua. Moyoni alikuwa tayari amekwishafurahi: amenikumbuka, amekuja mwenyewe. Furaha hiyo haikudumu.

"Limenizimikia pale kwenye taa za barabarani," Honi alisema. "Hawa kaka ndio wakasema wanisukume kwa Mama Betri. Nikasema, haya, ndiyo bahati."

"Ndiyo bahati," Mama Betri aliitikia. Hakuja, basi. Kaletwa na gari. Alijifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe, akafungua boneti. "Nieleze linaumwa nini."

Honi alieleza, na Mama Betri akasikiliza kama daktari, bila kumkatiza. Betri ilikuwa mpya kabisa, tena ya pili. Ile ya kwanza nayo ilikuwa mpya, ikafa. Kila asubuhi gari halina nguvu hata ya kufungua milango. Majirani wanalisukuma, linawaka, linatembea. Siku ya mvua, akiwasha taa na vifuta kioo pamoja, taa zinafifia kama mshumaa.

"Taa ya betri kwenye dashibodi inawaka?"

"Haijawahi. Ndiyo maana fundi wa kule kwetu akasema alternata ni nzima, tatizo ni betri feki."

"Fundi wa kule kwenu alipima, au alitazama?"

Honi alicheka. "Alitazama. Tena kwa mbali."

"Basi sisi tupime."

Ile "sisi" ilimtoka tu. Alichukua mita yake ya umeme, akaigusisha kwenye vichwa vya betri. Ilikuwa chini sana. Akaleta betri yake iliyojaa chaji, akaifunga, akamwambia Honi awashe. Gari likanguruma mara moja, kwa hamu. Mama Betri akatazama mita. Gari likishawaka, alternata huchukua zamu: hulisha gari lote na kuirudishia betri chaji yake, na namba kwenye mita hupanda hadi kumi na nne na ushei. Hii ilisimama kwenye kumi na mbili, haikutikisika.

"Kanyaga mafuta kidogo. Washa taa. Washa feni."

Namba, badala ya kupanda, ikaanza kuteremka. Mama Betri akazima gari. Akaubonyeza mkanda kwa dole gumba: ulikuwa umekaza vizuri, hauna nyufa. Akafuata waya mnene kutoka kwenye alternata hadi betri, akautikisa. Haukulegea wala kuota kutu. Waya wa kwenye bodi nao ulikuwa safi.

"Kwa hiyo ni alternata," Honi alisema.

"Haichaji, hilo tumeliona. Lakini wewe uliniambia gari linakufa hata likiwa limelala. Alternata isiyochaji ni mvivu tu. Ya kwako nadhani ni mwizi."

Alifungua kichwa kimoja cha betri, akaiunganisha mita katikati, ili kila tone la umeme linalotoka lipite humo. Gari lilikuwa limezimwa na ufunguo uko mfukoni kwa Honi, ila mita ilionyesha umeme unakwenda, tena si haba. Akamwachia Honi kazi ya kuchomoa fyuzi moja moja, ya redio, ya taa, ya honi yenyewe, naye akisoma. Hakuna kilichobadilika. Ndipo akainama, akafungua nati ya waya mnene mgongoni mwa alternata, akauinua waya ule pembeni. Namba ikaporomoka, ikabaki karibu na sifuri.

"Umeona?"

"Nimeona!" Honi alipiga makofi kama mtoto. "Sasa ilikuwa inaiba vipi?"

"Ndani yake mna vipande vidogo ambavyo kazi yake ni kuruhusu umeme uende njia moja. Uende kwenye betri, usirudi. Vikiungua, mlango unabaki wazi. Mchana haichaji vizuri, na usiku inakunywa kile kidogo kilichopo. Hata ungenunua betri kumi."

Ilibidi aing'oe. Mkanda ulitoka kwa urahisi, na soketi ya nyaya pia, ila bolti ndefu ya chini ilikuwa imeshikamana kwa kutu. Akaipulizia mafuta ya kulegeza, akaiacha iloweke. Akaona afadhali aipe nguvu kwa bomba la kuongeza urefu wa spana, na bomba lake alikuwa ameliazimisha. Huenda kuna la jeki kwenye buti. Akazunguka nyuma ya gari, akafungua.

Buti lilikuwa limejaa hadi juu. Masufuria yaliyofungwa kwa kanga, mito, mapazia yaliyokunjwa, mabegi mawili makubwa. Na katikati ya mapazia, ikiwa imelazwa kwa uangalifu, cherehani ya marehemu mama yao, ile ya mkono, ambayo mdogo alipewa kwa kuwa ndiye aliyejua kushona.

Mama Betri alisimama akiikodolea macho.

"Mnahama," alisema. Wala hakuuliza.

Honi alikuwa amefika ubavuni kwake. "Mama hakukuambia?"

"Aniambie nini?"

"Nimepata kazi, mama mkubwa. Mji mwingine, mbali, safari ya siku nzima. Ni maabara ya kupima maji. Mama tunakwenda naye. Vyombo vikubwa vilitangulia jana kwa lori, sisi ilikuwa tuondoke leo mchana. Nilikuwa natoka kuchukua mabegi haya kwa rafiki yangu." Sauti ilizidi kushuka. "Mama alisema atakuambia mwenyewe. Nikadhani mmeshazungumza."

"Tutazungumza," Mama Betri alisema. "Hongera, mwanangu. Kazi ya maji ni kazi safi."

Bomba la jeki lilikuwepo, pembeni kabisa. Alilichukua, akarudi mbele, akalipachika kwenye spana, akaiegemea kwa uzito wake wote. Bolti ikalia, ikakubali. Alternata ilipotoka aliishika mikononi ingali na joto, akaizungusha puli, lile gurudumu dogo la mkanda, kwa kidole. Honi hakumwona usoni, kwa kuwa alikuwa amempa mgongo, na alichukua muda mrefu kuliko inavyohitajika kuzungusha puli.

Kisha akaenda kwa Kobe. Kobe alikuwa muuza vipuri vya mtumba, mitaa miwili mbele, mtu aliyechukua robo saa kuamka kwenye kiti na nusu saa kukumbuka kwa nini ameamka. Siku hiyo, kama makusudi, Kobe alikuwa mwepesi. Alitazama alternata iliyokufa, akanyoosha mkono kwenye rafu ya nyuma yake, akatoa pacha wake. Mama Betri akalinganisha: puli sawa, soketi sawa, masikio ya kufungia sawa. Akaizungusha sikioni, beringi zilizunguka kimya, laini. Wakaifunga kwenye betri na mota ya Kobe ya kujaribia, ikachaji bila wasiwasi.

"Leo una bahati," Kobe alisema.

"Kila mtu ananiambia hivyo leo."

Alirudi na mfuko begani. Njiani alipiga hesabu yake bila kutaka: kufunga ni kazi fupi, ya mtu asiye na haraka. Kabla jua halijasimama vizuri gari litakuwa limetoka uani, na cherehani ya mama yao ndani yake.

Alipofika mlangoni alimkuta Honi amepata ufagio. Amevua viatu vyake vya kupendeza, amekunja suruali, anafagia karakana kama alivyofagia zamani, kutoka ukutani kuja mlangoni, akikwepa madoa ya mafuta bila kuyatazama, maana miguu ilikuwa inayakumbuka. Tena alikuwa anaimba kwa puani.

Mama Betri hakuwahi kumdanganya mteja. Ilikuwa ndiyo jeuri yake mjini. Wapo waliomwona mkali, wapo waliomwona mpole, lakini hakuna aliyeweza kusema kwamba aliambiwa kitu kibovu nacho kizima. Na sasa alijisikia akisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Haipo. Kobe anasema ataipata kesho asubuhi."

Akausukuma mfuko chini ya benchi, nyuma ya betri chakavu, akanawa mikono.

Honi alipiga simu kwa mama yake. Mama Betri alisikia upande mmoja: ndiyo, mama, hapana, si betri, kwa mama mkubwa. Kisha, "Kesho asubuhi, mama. Sasa nifanyeje?" Alipokata simu alitabasamu kwa wasiwasi. "Kakasirika kidogo. Lakini nitalala hapa, kama hutojali."

"Nijali!" Mama Betri alicheka, kicheko kikamtoka kikubwa kuliko alivyokusudia.

Tatizo likawa chumba. Honi alifungua mlango wa chumba cha ndani, akabaki ameduwaa. Kitanda kilikuwepo mahali fulani chini ya vile vyuma.

"Mama mkubwa, umenizika!"

Mama Betri aliona aibu hadi masikioni. Angependa kusema kitu cha maana, ila aliishia, "Mahali pa kuweka pamekuwa padogo." Mchana wote walihamisha betri na starta uani, wakapangusa, wakaanika godoro. Wateja wawili walikuja, akawaambia waje kesho, jambo ambalo lilizua maneno mtaani. Honi alizungumza bila kituo: chuo, wenzake, mwalimu mmoja aliyelala akifundisha, kijana mmoja ambaye alianza kumtaja na akaacha. Mama Betri alisikiliza akiwa amepiga magoti anapangusa sakafu, na kila jambo lilikuwa jipya kwake. Alijua Honi alikuwa anapenda mkate uliokaukia motoni. Hakujua kama bado anaupenda, akaogopa kuuliza.

Jua lilipoanza kulegea, pikipiki ilisimama mlangoni, akashuka mdogo wake. Alikuwa amevaa nguo za safari na mkoba begani. Bado alikuwa mzuri, ila alikuwa amenenepa kidogo na magoti yalimpa taabu. Aliingia amekusanya gauni kwa mikono miwili.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Karibu. Karibu ukae."

"Nimeona nami nije tu. Nyumba imebaki kuta, siwezi kulala huko peke yangu na mwangwi."

Honi alikuwa bafuni. Maji yalisikika yakimwagika. Mdogo alitazama huku na huku akitafuta pa kukaa. Kiti kilikuwa kimoja na kimejaa nyaya. Akainama chini ya benchi kuvuta kigoda cha baba yao, ambacho tangu utoto wao kilikaa hapo. Mkono wake ukagusa mfuko. Mfuko ukafunguka mdomo.

Hakupenda grisi, lakini alikuwa binti wa fundi. Alternata anaijua akiwa amefumba macho. Aliitazama, akatazama shimo lililokuwa wazi chini ya boneti ya gari la mwanawe, akamtazama dada yake. Mama Betri hakupepesa macho. Akangoja lawama.

Mdogo aliusukuma mfuko kwa mguu, ukarudi nyuma ya betri. Akavuta kigoda, akakaa.

"Ungeomba," alisema kwa sauti ya chini.

"Ningeomba, ungenipa?"

Mdogo alifikiri. Kwa hilo Mama Betri alimshukuru baadaye, kwamba alifikiri kwanza. "Sijui."

"Na wewe ungeniambia lini kwamba mnahama?"

"Nikishafika."

"Nikishafika!" Mama Betri alirudia, na bila kutarajia wote wawili wakacheka, kicheko kifupi cha puani, kile kile walichokuwa wakikificha mbele ya baba yao. Kikaisha haraka.

"Nilijua nikija kuaga utamtazama," mdogo alisema. "Utamtazama tu, hutosema kitu, na yeye ataanza kulia, na mimi nitakuwa yule mwanamke anayemtoa tena. Nilishakuwa yule mwanamke mara moja, dada. Sikuweza mara ya pili."

"Sikukulaumu."

"Ndiyo ubaya wenyewe. Hukunilaumu. Ungenitukana ningepata pa kushika. Nilitoka kule mgongo umekwisha kwa kuinua wazee wa watu, kila mwezi nikihesabu mtoto wangu amefika umri gani, nikaingia hapa nikaitwa mgeni. Na wewe umesimama hapo hapo, umenyamaza, una spana mkononi."

Mama Betri alitaka kumweleza jinsi nyumba ilivyokuwa wiki ile baada ya wao kuondoka. Jinsi alivyopika chakula cha watu wawili kwa muda mrefu, akakimwaga. Akayaacha hayo. Alisema, "Alikuwa mtoto mzuri. Hakunisumbua."

"Najua." Mdogo alijipangusa macho kwa upande wa kiganja. "Ahsante. Sikuwahi kukuambia."

Maji ya bafuni yalikatika. Honi alitoka na taulo kichwani, akamwona mama yake, akasimama, akiwatazama mmoja baada ya mwingine kama mtu anayevuka barabara.

"Mmesalimiana?"

"Tumesalimiana," walijibu kwa pamoja.

Walikula wali na mayai jikoni, watatu, viwiko vinagusana kwa ufinyu wa meza. Honi aliongea zaidi ya wote, akiwagawia maneno sawasawa, hili la mama, hili la mama mkubwa, asije mmoja akakosa. Mama Betri aliliona hilo likamchoma: binti alikuwa amechoka. Alikuwa amefanya kazi hiyo ya kupima maneno tangu sekondari. Huenda ndiyo sababu simu zilikatika. Mtu hawezi kupima kila siku.

Mdogo na mwanawe walilala chumba cha ndani, kitanda kimoja. Mama Betri alilala chake, mlango wazi, akawasikia wakinong'ona na kucheka, na baadaye pumzi zao tu. Ndio usiku alioutaka. Aliupata, na bado alikuwa upande huu wa ukuta.

Alfajiri aliwatangulia kuamka, akatoa mfuko chini ya benchi, akauweka juu yake. Honi alipotoka akipiga miayo, akauliza, "Kobe amekuja mapema hivyo?"

Mama Betri alifungua mdomo. Alikuwa amekusudia kumwambia kweli. Lakini mdogo alikuwa mlangoni na kikombe cha chai, akajibu kabla yake: "Kaja mapema. Kavae, tusichelewe."

Honi akaenda kuvaa. Dada wawili hawakutazamana.

Kufunga hakukuwa na shida. Bolti ndefu ya chini kwanza, ikiwa imepakwa grisi kidogo ili fundi wa kesho asije akalaani. Kisha ya juu, nati ya waya mnene, soketi ikalia ta!, mkanda ukarudi kwenye puli zake, ukakazwa. Hapo alihitaji mtu ndani ya gari, na Honi alikuwa bado anajitengeneza.

"Ingia wewe," alimwambia mdogo wake.

"Mimi?"

"Ufunguo unaujua kuzungusha."

Mdogo alikusanya gauni, akaingia. Gari likawaka. Mama Betri aligusisha mita: namba ikapanda, kumi na tatu, kumi na nne, ikapita kidogo, ikatulia.

"Kanyaga. Acha. Washa taa zote. Feni. Vifuta kioo."

Vifuta kioo vikakwaruza kioo kikavu, taa zikamulika ukuta kwa weupe, na namba haikuteremka. Mdogo alichungulia dirishani. "Ni nzima?"

"Ni nzima. Itawafikisha."

"Baba angetucheka," mdogo alisema, mikono kwenye usukani.

Mama Betri akazima gari. Alifungua kichwa cha betri, akapima tena kama jana, hakuna kilichoibwa. Akafunga. Hakikuwepo kingine cha kukagua. Alikagua maji ya rejeta. Alikagua oili. Alikagua upepo wa matairi, jambo ambalo si kazi yake, na tairi la akiba, hadi mdogo akasema kwa upole, "Dada. Inatosha."

Honi aliagana naye akilia, kama mama yake alivyobashiri, na alimshika kwa nguvu bila kujali grisi. "Nitapiga nikifika. Nitakuja likizo."

"Njoo ukiweza. Usipoweza, piga. Na ukisikia mlio kama wa panya upande wa mkanda, simama, usijifanye hujasikia."

Gari lilitoka uani, likakata kona. Mama Betri alibaki na kitambaa mkononi. Vile vyuma walivyovitoa jana vilikuwa vimejaa uani, vimelowa umande, na wale wateja wawili tayari walikuwa wanakuja, mmoja akipiga kelele kutoka mbali, "Mama Betri, jana ulikuwa na sherehe gani hata ukatufukuza?"

"Nilikuwa na wageni," alisema, akaenda kufungua boneti.

Yale mengine yalikuja polepole. Honi alipiga siku ile ile alipofika, na mwisho wa juma, kisha mara moja moja, akiwa na kazi nyingi na kijana yule aliyekwisha pata jina. Likizo ya kwanza hakuja. Kitanda cha chumba cha ndani kilikaa kitupu miezi kadhaa. Halafu ikaja mvua, starta zikahitaji kuingizwa ndani, moja ikawekwa juu ya godoro kwa muda tu, na zingine zikafuata.

Aliyepiga bila kukosa alikuwa mdogo. Hilo Mama Betri hakulitegemea. Huko alikohamia hakumjua mtu, mwanawe alishinda kazini, na jioni zilikuwa ndefu. Hawakuwa na mengi ya kuambiana. Walizungumza habari za magoti, za mvua, za cherehani iliyovunjika sindano, na katikati walinyamaza muda mrefu, kila mmoja akisikiliza nyumba ya mwenzake jinsi ilivyo kimya.

"Umekula, dada?" mdogo aliuliza kila mara kabla ya kukata.

"Nimekula," Mama Betri alijibu, sufuria likiwa bado halijatokota, kisha akasimama pale jikoni na simu mkononi mpaka maji yakachemka.